Kaya Namba Sifuri

Siku ya kwanza Shangazi Eliaichi alinichapa vidole kwa rula ya mbao, nami nina miaka arobaini na miwili, watoto wawili na vyerehani vitatu vya kazi.

Kosa langu lilikuwa kugonga mstari bila kuacha nafasi mwanzoni. Alikuwa haoni tena, presha ya macho ilimmalizia nuru mwaka ule, lakini masikio yake yalihesabu vitufe nilivyogonga na yakagundua kwamba kitufe cha nafasi hakikulia mara nne.

"Nafasi nne," akasema. "Ukiziruka, mashine haijui kipi kiko ndani ya kipi. Wewe fundi cherehani, pindo lisilokunjwa ni pindo hilo?"

Nikasema si pindo. Nikafuta, nikaanza upya, nikiwa nimekunja uso kwa kuwa nilijua haoni.

Tulikuwa na siku kumi na moja. Jumamosi ya wiki iliyofuata kijiji chote cha Vumbeo kingekusanyika ukutani kwa ndiva, bwawa letu la juu mlimani, na mtu mmoja angesimama kusoma kwa sauti programu inayofungua malango ya maji. Angesoma mstari kwa mstari, angeeleza kila mstari kwa lugha ambayo bibi yeyote anaielewa, kisha angeapa kwamba alichosoma ndicho kinachofanyika. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa Shangazi. Sasa macho yamekwisha, na sheria haina huruma. Pasipo Msomaji, malango yote yanafungwa mpaka wakaguzi wa wilaya wapande mlima, na wakaguzi wa wilaya hawajawahi kupanda mlima kabla ya siku ishirini na nane.

Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Mtu wa mlimani hahitaji kuelezwa siku ishirini na nane bila maji zinayafanya nini.

Sheria hiyo ilikuja baada ya mji mmoja wa bondeni kukaa miezi miwili bila maji huku mashine ikisisitiza kwamba kila nyumba imepata. Mafundi walipoletwa waliona aibu. Programu ile ilikuwa imeandikwa na mashine nyingine, iliyoandikwa na nyingine, na hakuna aliye hai aliyejua ndani mna nini. Tangu hapo mashine yoyote inayogawia watu kitu lazima iwe na mtu wa palepale anayeweza kuisoma. Vijana wetu huongea na mashine nazo huwaandikia. Kusoma kilichoandikwa wanaona ni sawa na kusaga unga kwa mawe. Programu ya ndiva yetu ni ya zamani, iliandikwa kwa mkono, kwa Python, lugha ambayo watoto huiita lugha ya chatu na kudhani ni utani. Kamati ya mfereji ilitafuta mtu mzima mwenye subira, ikanikuta mimi nafumua mshono wa suti ya bwana harusi.

* * *

Nilijifunza haraka kuliko Shangazi alivyopenda kukiri. Nilipoandika

print("Maji yanakuja")

na maneno hayo yakatokea kwenye skrini, nilicheka peke yangu kama mtoto aliyejibiwa na mwangwi. Siku ya pili alinifundisha kuweka vitu. Ukiandika saa = 2, alisema, umechukua debe, umelibandika jina "saa", umetia mbili ndani. Alama ile ya usawa haisemi kwamba viko sawa. Inasema tia. Ukitaka kuuliza kama viko sawa unaiandika mara mbili, na anayesahau anatia badala ya kuuliza, halafu anakaa kushangaa.

Nilipokosea, mashine ilinitajia namba ya mstari na jina la kosa, ikanyamaza. Niliipenda kwa hilo. Nimefanya kazi na mafundi ambao wakiona kosa lako wanasubiri mteja aingie ndipo waliseme.

Siku ya nne tulifika kwenye orodha. Programu yetu ina orodha moja kubwa inayoitwa kaya, yenye majina ya nyumba arobaini na saba kwa mpangilio wa mfereji, kuanzia iliyo karibu na ndiva mpaka ya mwisho bondeni. Shangazi aliniuliza, wa kwanza ni namba ngapi? Nikasema moja. Rula.

"Wa kwanza ni sifuri."

Nikamwambia hakuna mama anayemwita mzaliwa wake wa kwanza sifuri. Akacheka, mara yake ya kwanza wiki ile. Akanieleza kwamba namba hiyo haihesabu watu, inahesabu hatua. Umesimama mlangoni, wa kwanza yuko palepale mlangoni, kumfikia unatembea hatua sifuri. Wa pili hatua moja. Kwa hiyo wa arobaini na saba ana namba arobaini na sita, na ukimwita kaya[47] mashine inakujibu kwamba hakuna mtu kama huyo.

Ili nielewe nikaanza kuhesabu majina kwa vifungo vya shati mezani. Kwanza nikaweka kifungo kimoja pembeni, peke yake, bila jina. Ndivyo tunavyohesabu watu Vumbeo. Hatuanzi na mtu. Tunaanza na jiwe, hesabu inapita juu yake kwanza, ili kama kuna baya linalowafuata wanaohesabiwa, lilikute jiwe. Hata mwalimu wa darasa la kwanza anafanya hivyo akiita majina, anagonga ubao mara moja kabla ya mtoto wa kwanza.

Shangazi alisikia kile kifungo cha kwanza kikigusa meza bila jina.

"Ondoa hilo jiwe lako," akasema. "Humu ndani hatuna ushirikina."

Sauti yake ilikuwa kali kuliko kosa lenyewe, lakini alikuwa mkali kwa kila kitu, nami nikakiondoa.

* * *

Alhamisi, siku mbili kabla ya kiapo, ndipo nilipofungua programu yenyewe, si mazoezi. Shangazi alikaa kitini na kuanza kuisoma kwa kichwa, macho yamefumba, kama anayesema zaburi. Mimi nilifuata kwenye skrini kwa kidole. Alikuwa mbele yangu kila mara, anajua hata mahali pa nukta pacha. Tulifika kwenye moyo wa programu:

for i in range(1, len(kaya)):
    fungua(kaya[i], saa)

Akaeleza haraka. Kwa kila namba, kuanzia moja mpaka mwisho wa orodha, fungua lango la nyumba yenye namba hiyo, kwa saa mbili. Akapita.

Mimi sikupita. Nina tabia ya kugeuza nguo nje ndani kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Nilifanya nakala, nikafuta neno fungua nikaweka print, ili badala ya kufungua malango mashine initajie tu majina ambayo ingeyafungulia. Majina yakateremka. Niliyahesabu. Arobaini na sita.

Nikahesabu tena kwa vifungo. Arobaini na sita. Nikaweka orodha ya kamati pembeni nikalinganisha jina kwa jina, na sikuhitaji kwenda mbali. Lililokosekana lilikuwa la kwanza kabisa. Senzighe.

Nyumba ya Senzighe iko juu, hatua chache chini ya ukuta wa ndiva. Anaishi mjane wake, Mama Tumsifu. Miaka sita iliyopita alianza kulalamika kwamba bomba lake halitoi kitu. Fundi alipelekwa, akakuta bomba zima na lango zima. Mashine haina ndugu, kamati ikasema, huyu anataka zamu mbili. Halafu watu wakaona mahindi yake hayafi. Mtu anayedai hana maji na shamba lake ni la kijani, tena anakaa mdomoni mwa mfereji? Jina la mwizi lilimpata kabla msimu haujaisha. Jumamosi, baada ya kiapo, kijiji kilikuwa kipige kura kumfuta kwenye orodha.

Nilimuuliza Shangazi taratibu kwa nini tunaanza na moja.

"Kwa sababu sifuri ni jiwe," akasema, bado kwa ile sauti ya zaburi.

"Jiwe halipo, Shangazi."

Alifumbua macho yale yasiyoona. Nilimsomea mwanzo wa orodha jinsi ulivyo. Senzighe, Mrutu, Kiangi. Nikamsomea na kumbukumbu ya mabadiliko, ile sehemu ambayo mashine hutunza kila kilichofutwa na ufunguo wa aliyefuta. Neno "jiwe" lilikuwa limeondolewa miaka sita iliyopita, saa tisa alasiri, kwa ufunguo wa Msomaji.

Kisha akanisimulia. Mkaguzi wa wilaya alikuwa ameona lile jiwe la kwanza kwenye orodha akacheka mbele ya kamati, akauliza kama wasomi wa mlimani siku hizi wanagawia mawe maji. Aliyeandika programu zamani alikuwa mtu wa hapa. Alilitanguliza jiwe kwa desturi, kisha akaandika moja ili maji yasiende kwa jiwe. Shangazi alijua hayo yote. Lakini aibu ilimpanda, na mkaguzi alipoondoka tu akalifuta neno lile na kwenda nyumbani. Ile moja hakuigusa. Macho yalikuwa yameanza kumchezea, na kila mwaka baada ya hapo alisimama mbele ya watu akasoma alichokihifadhi, si kilichoandikwa.

Nilimhurumia, na papo hapo nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa ukoo.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Jumamosi soma kama ilivyo, apa. Jioni, ufunguo ukishakuwa wako, ingia, ile moja uigeuze sifuri. Nani ataumia? Yule mama atapata maji yake. Si ndiyo aliyokuwa akidai?"

"Na kura?"

"Nitazungumza na mwenyekiti Mrutu aiahirishe."

Nilijua Mzee Mrutu haahirishi kitu. Nilijua pia jambo ambalo Shangazi hakulifikia bado. Wakimfuta Senzighe, jina la pili linapanda kuwa la kwanza, na la kwanza ndilo linalorukwa. Jina la pili ni Mrutu.

"Nikisema ukweli, sheria inanilazimu nifunge malango mpaka wakaguzi waje," nikasema. "Mahindi ya watu wote."

"Na ya watoto wako."

Hilo alilisema bila ukali, na ndiyo maana liliniuma. Shamba langu ni la thelathini na moja kwenye mfereji, na sina lingine. Nilifunga mashine, nikasema nitafikiri.

* * *

Ijumaa asubuhi nilikuwa naelekea kwa Shangazi nilipowakuta. Mzee Mrutu, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, na vijana wawili walikuwa wamefika kwa Mama Tumsifu na ndoo ya saruji kuziba bomba lake kabla ya kura, ili baada ya kura kusiwe na ubishi. Yeye alikuwa amekaa chini kwenye udongo, mgongo wake umeegemea mdomo wa bomba.

Mrutu aliniona. "Nishikie hili, mwanangu," akasema, akanipa jembe lake ili apate mikono miwili ya kumwinua mama yule. Nikalishika. Mtu mzima akikupa kitu unakipokea, mkono unafanya hivyo kabla akili haijaulizwa.

Mama Tumsifu hakupigana nao. Alisema tu kwamba bomba hilo halijatoa tone miaka sita, wanaziba ukavu. Wakamuuliza mahindi yake yanakunywa nini. Akasema anateka mtoni, ndoo kwa ndoo, tangu alfajiri mpaka jua linapochomoza, na jioni tena. Vijana wakacheka. Mrutu akasema kwa kumwagilia nusu eka hivyo shingo yake ingekuwa imeshaingia tumboni. Nikaitazama shingo ya mama yule. Katikati ya kichwa nywele zilikuwa zimelika, pamebaki duara la ngozi tupu ukubwa wa kata ya kubebea ndoo.

Mama Tumsifu akanigeukia.

"Wewe si ndiye unayejifunza kuisoma ile mashine? Waambie basi inasemaje."

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshika jembe. Nilijua jibu, jina lake lilikuwa limekosekana mbele ya macho yangu mara tatu, nikafikiria mahindi yangu, nikafikiria Shangazi kuaibika mbele ya watu.

"Bado nasoma, mama," nikasema.

Akaniangalia kidogo, kisha akatazama pembeni. Wakamimina saruji. Nilimrudishia Mrutu jembe lake, akanishukuru.

* * *

Jumamosi watu walijaa ukutani kwa ndiva. Skrini iliwekwa juu ya meza ya kanisa, kipaza sauti pembeni yake, na Shangazi akakaa kiti cha mbele akiwa amevaa gauni la kijivu nililomshonea mimi mwenyewe. Mama Tumsifu alisimama nyuma ya wote, ndoo yake miguuni, kwa kuwa alikuwa ametoka mtoni moja kwa moja.

Nilianza. Nilisoma saa = 2, nikaeleza kwamba hilo ni debe la saa, kila kaya hupata mbili. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilisoma orodha, majina arobaini na saba, na kila mtu alisikia lake akatulia. Sauti yangu ilikuwa inakwenda vizuri. Nilikuwa sijaamua. Nasema kweli, mpaka hapo nilikuwa sijaamua, na sehemu kubwa ya mwili wangu ilitaka kupita tu kama Shangazi alivyopita.

Nikafika kwenye mstari ule. Nikausoma. Nikavuta pumzi ili niueleze, nikaona kwamba kueleza ndiyo kazi yenyewe. Nikisema "kila kaya" nitakuwa nimesema neno ambalo halimo.

"Endelea, mwanangu," Mrutu akasema. "Tuna jambo lingine baada ya hili."

"Mstari huu unasema uanze na namba moja," nikasema. "Lakini mashine huanza kuhesabu na sifuri. Anayekaa kwenye sifuri harukwi kwa bahati mbaya siku moja. Anarukwa kila siku. Zamani pale palikuwa na jiwe letu. Jiwe likaondolewa, namba haikubadilishwa. Miaka sita sasa anayekaa pale ni Senzighe. Hajaiba maji. Hajawahi kupewa."

Nilisikia mtu akianza kuuliza jirani yake, na jirani akimnyamazisha.

"Na mkimfuta leo, Mzee Mrutu, utakayesogea kwenye sifuri ni wewe. Mwaka kesho tungekuwa tunaziba bomba lako."

Shangazi akasimama akiwa ameshika mgongo wa kiti. Akasema jiwe alilifuta yeye, kwa mkono wake, kwa aibu ya kuchekwa, na kwamba kwa miaka sita aliapa bila kusoma. Alisema kwa maneno machache, hakuomba kueleweka. Mimi, mtoto wa ndugu yake, nilitaka kwenda kumshika, ila kazi yangu ilikuwa bado.

Sheria inasema Msomaji akikuta kosa, afunge. Niliandika neno la kufungia, nikabonyeza. Tukasikia lango la kwanza likishuka chini ya udongo, halafu la pili, kisha mengine mbali zaidi, yakiteremka mlima mpaka masikio yakashindwa kuyafuata. Mwanamke mmoja karibu nami akaanza kulia kimyakimya. Shamba lake ni la pili kutoka kwangu. Sikuweza kumtazama.

Mama Tumsifu alikuja mbele. Watu walimpisha, wengine wakiinamisha vichwa, na kijana mmoja wa wale wawili akajaribu kumwamkia, hakumwitikia. Alisimama mbele ya meza akaiangalia skrini, ile mistari asiyoweza kuisoma. Nilidhani atalia. Kusema kweli nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeanza kuandaa cha kujibu.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema leo. Shangazi asingenisaliti, na hakuna mwingine aliyejua.

"Alhamisi," nikasema. "Alhamisi mchana."

Akahesabu. Haikumchukua muda, ilikuwa siku moja tu ya kuhesabu.

"Ijumaa nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mbele yao, nimekaa chini."

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi na watu wote walisikia. Aliinama akachukua ndoo yake, akaiweka juu ya lile duara kichwani, akateremka kuelekea mtoni. Mahindi yake ndiyo pekee mlimani yaliyokuwa na hakika ya kunywa jioni ile.